Ukuta Uliotakiwa Kuvuja

Ndugu zangu Remigi na Yohana, jana niliwakabidhi mwiko, timazi, pima maji na lile jembe lenye mpini uliopinda, mkaniuliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna. Nilidanganya. Kipo kimoja, ila mbele ya watu sikuweza kukitaja, kwa hiyo tangu asubuhi nimekaa barazani na penseli niliyopewa na padre. Mnisamehe mwandiko. Mikono hii ilizoea mawe.

Habari za mshahara sitaandika, maana ulikuwa hautoshi, na hilo mtalijua wenyewe mwisho wa mwezi. Wala za cheo. Nilianza kazi nikiwa fundi wa banio na nimestaafu nikiwa fundi wa banio. Kilichobadilika ni magoti tu: zamani yaliniuma nikiwa majini, siku hizi yananiuma hata nikiwa kitandani.

Kama karatasi hizi zitaokotwa na mtu asiyetujua, na ajue hivi. Kijito cha Luwembe kinashuka kutoka milima ya Udzungwa, kinapita juu ya Mkula, kisha kinakwenda kujimwaga mto Kilombero. Pale kinapoacha majabali na kuanza kutulia ndipo lilipo banio, yaani ukuta mfupi unaokikatiza kijito ili maji yapande, yaingie mferejini, yaende shambani. Hatua kama mia chini ya ukuta kuna dimbwi. Kazi yangu ilikuwa ukuta. Dimbwi niliona halinihusu.

Nilifika Luwembe miaka michache kabla ya vita ya Maji Maji. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, Anastazia, na mtoto mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa mwashi misheni, ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge. Ule ukuta wa kanisa unaotazama mashariki niliujenga mimi, na mpaka leo huwezi kupenyeza wembe kati ya jiwe na jiwe. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, ni kwa kujisifu kidogo.

Aliyeniajiri alikuwa Mdachi mwenye shamba la pamba chini ya mlima. Jina lake halina faida hapa. Sisi tulimwita Bwana Miwani, naye alijua na hakukasirika. Alikuwa mtu wa haraka, hata chai aliinywa amesimama. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye banio la zamani, ambalo wenyeji walilijenga kabla yeye hajazaliwa: vigogo vya migomba, mawe makavu, matete na udongo wa kichuguu. Maji yalipita humo kila mahali. Nusu yaliingia mferejini, nusu yalikwenda zake. Bwana Miwani akanyoosha fimbo, akasema maji yake yanaibiwa na mto. Nami nikaguna kwa dharau. Misheni tulilelewa na neno moja, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa niliona nyufa tupu, ukuta wenyewe hakuna.

Kwa siku nne niliziba. Nilikanda udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwa fupi, nikatia na chokaa kidogo niliyokuja nayo kutoka misheni, nikashindilia kwa mpini wa jembe mpaka mabega yakawaka moto. Siku ya tano asubuhi mfereji ulijaa hadi ukingoni. Nikashuka chini ya ukuta, nikapapasa kwa kiganja. Pakavu. Jamani, niliimba.

Adhuhuri nikamwona mama mmoja anapanda kutoka bondeni, kitunga kichwani, hana haraka. Alikuwa mtu wa makamo, mfinyanzi, udongo mwekundu umeganda mpaka kwenye viwiko. Aliitwa Mama Nambela. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za mke wangu, akauliza nimetoka wapi na safari ilikuwaje, kisha ndipo akakitua kitunga. Ndani mlikuwa na samaki, wakubwa kwa wadogo, wengine bado wanafumbua midomo. Kaa watano wanapandiana. Na vyura wadogo, wadogo kama ukucha, wa rangi ya majani makavu.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza.

Nikasema ndimi.

"Unajenga vizuri sana. Mimi sijaona ukuta kama huu. Sasa hawa nikawaweke wapi?"

Wanangu, nimetukanwa na Wadachi kwa lugha mbili, nimekaripiwa na padre mbele ya kusanyiko zima, lakini hakuna maneno yaliyonipiga kama yale. Na aliyasema kwa upole, kama anayeuliza njia. Tulishuka wote wawili mpaka dimbwini. Pale nilipoogelea siku ya kwanza, maji yakinifika kiunoni, palikuwa pamebaki tope, na samaki wamelala ubavu kwenye maji ya kina cha kiganja wakipigapiga mikia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Mama Nambela hakunipa pole. Alinipa kitunga.

Nilirudi juu mbio nikautoboa ukuta wangu kwa mtaimbo. Kisha tukabeba samaki, safari baada ya safari, kuwapandisha juu ya banio kulikokuwa na maji. Wengi walifia mikononi. Jioni Mkula nzima walikula samaki, na mimi nilikaa mbele ya sahani yangu nikashindwa.

Kesho yake nilikwenda kwake mwenyewe, bila kuitwa, nikamwomba anifundishe. Alikuwa mjane. Ukoo wa mumewe ndio uliokuwa ukilitunza lile dimbwi tangu enzi, na wanaume wa ukoo ule walipokwisha kazi ikamwangukia yeye. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Lihame, kijana mrefu mwenye kicheko, mvuvi wa mto Kilombero. Mama alinitazama akasema kujenga najua tayari, kilichobaki ni kujifunza kuvujisha, na hilo ni gumu zaidi.

Na kweli ni gumu. Lile banio la zamani nililolidharau lilikuwa linavuja kwa makusudi, na kuvuja ndiko kulikokuwa ufundi wenyewe. Maji ya kwanza ni ya mto, yanayobaki ndiyo ya mtu. Sasa utaachaje maji ya mto yapite kiangazi, kijito kikiwa chembamba, bila mafuriko ya masika kukubomolea pale pale ulipoacha upenyo? Unalaza kigogo cha mgomba kikitazama maji yanakotoka. Unaweka mawe matatu, lile la kati limeingia ndani kidogo. Matete unayafunga mafundo makubwa upande wa juu tu. Na upenyo unaupima kwa mkono: ukiweka kiganja juu ya jiwe la kati, maji yafunike kifundo. Kifundo cha mkono wake, si changu. Mara ya kwanza nilipima kwa wangu, mwembamba kuliko wake, akasema mkono wangu una tamaa.

Cha pili alichonifundisha ni jiwe la kaa. Mnalijua, lile bapa lililo mdomoni mwa dimbwi, mnalokaliaga kula. Mgongo wake ukikauka, usihangaike. Ukipitisha vidole chini yake ukakuta pamekauka, ujue wewe ni muuaji. Na cha tatu ni samaki aitwaye ningu. Mvua za kwanza zikinyesha, ningu wanatoka Kilombero wanakipanda kijito kuja kutaga kwenye kokoto za dimbwi. Lakini kokoto zile ziwe zimeoshwa na maji kiangazi chote. Zikikauka zikashikana na tope, ningu anafika, anageuka, anakwenda zake, na samaki akikuhama harudi kwa kuitwa. Kwa hiyo maji ya kiangazi, hayo ambayo mtu anayaona machache na bure, ndiyo yanayoleta samaki wa masika. Nimelieleza jambo hili kwa watu wengi waliosoma kuliko mimi, na wote waliniitikia kwa kichwa bila kunisikia.

Kulikuwa na desturi pia. Kabla ya kugusa jiwe lolote la banio, Mama Nambela alishuka kwanza dimbwini, akatia unga kidogo majini, akasema tunaazima kiasi gani na tutarudisha lini. Alisema vile unavyosema na jirani. Mimi ni Mkatoliki, jambo lile likanikereketa, nikavuka mto kwenda kumwuliza padre. Padre alikuna ndevu zake muda mrefu. Akasema kusalimia si dhambi, ila unga nisitie. Basi tukagawana: mimi nilisalimia, Mama akatia unga.

Sasa kumbukeni nilikuwa na bwana, na bwana alitaka maji yote. Kila alipopita akaona banio linavuja, alipiga kelele, nami nikasema ndiyo Bwana, nikashuka na udongo, nikaziba mbele yake. Baada ya siku tatu linavuja tena. Akaja tena, nikaziba tena. Mwisho akaamua mwenyewe kwamba kasoro haiko kwenye ukuta, iko kwangu. Akaniita fundi mbovu. Aliniita hivyo mbele ya wachuma pamba, mbele ya jumbe, mbele ya wageni wake. Watu wa Mkula, mnawajua kwa utani, wakalidaka. Kaspari, njoo unijengee, ila choo tu. Kaspari, paa langu linavuja, umelipitia? Anastazia alikuwa akirudi kisimani amenuna, kwa sababu na yeye alikuwa amepata utani wa kwake.

Mara moja alipita fundi mwenzangu wa misheni, mtu tuliyejenga naye ule ukuta wa kanisa. Akasimama juu ya banio, akatazama, akanitazama, akatikisa kichwa. Nasikia alipofika kwake aliuliza kama siku hizi nimeanza pombe. Iliniuma. Nitaliandika hivyo hivyo, iliniuma sana. Mtu ana kitu kimoja tu anachokijua duniani, na anakwenda kila siku kukifanya vibaya mbele za watu. Nilipiga moyo konde. Nikiona uzito nilikuwa nashuka dimbwini kuwatazama wale vyura wadogo kwenye ukungu wa maji, wamekaa juu ya majani, hawana habari na ufundi wangu.

Ndipo vita ikaja. Nyinyi mlikuwa wadogo, mmeisikia kwa wazee wenu, nami sitasimulia nisiyoyaona. Niliyoyaona ni haya. Ilikuja habari ya dawa, maji ambayo ukipakwa risasi ya Mdachi inageuka maji. Pamba ilikuwa imewachosha watu, na kiboko kilikuwa kimewachosha zaidi, na mtu aliyechoka hivyo akiletewa tumaini hapimi. Bondeni wengi walipakwa. Lihame alipakwa. Alikuja kumuaga mama yake, nami nilikuwepo nimekuja kuchukua mtungi. Hakuwa anacheka siku hiyo.

Mama Nambela alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, maji mimi nayajua tangu sijaolewa. Yanalisha, yananywesha, yanazamisha. Sijayaona yakizuia kitu kinachotupwa kwa nguvu."

Lihame akamwambia kwamba hata kama ni hivyo, wenzake wanakwenda. Mama hakubishana tena. Alimfungia chakula cha njiani, akamsindikiza hadi njia panda. Walikwenda Mahenge, na Lihame hakurudi. Hakuja hata mtu wa kutuambia alianguka wapi.

Bwana Miwani alikuwa amekimbilia boma. Walipokuja askari walichoma maghala, walichoma na mashamba ambayo hayajavunwa, kisha wakaenda kuchoma mbele. Njaa iliyofuata ndiyo iliyoua wengi. Tulichimba viazi pori, tulisaga mashina ya migomba. Mtoto wangu nilimzika mwezi ule ule kaka yangu alipozikwa. Siandiki zaidi hapo.

Kiangazi kilichofuata Bwana Miwani akarudi, amekonda, na pamoja naye afisa mmoja na askari wachache waliokuwa wakiwatafuta waganga wa maji. Ombasha wao, kiongozi wa wale askari, alishuka kijitoni kunywa, akamkuta Mama Nambela dimbwini. Alikuwa ameinama, anasema na maji, anatia unga. Unga wenyewe ulikuwa wa mbegu za majani, wala haukujaa kidole gumba. Lakini maji, unga na maneno, siku zile hivyo vitatu vilitosha. Watu walikuwa wananyongwa kwa kimoja. Wakampandisha hadi kwenye banio, wakamfunga kwenye mti mikono nyuma. Mimi nilikuwa mferejini nazoa mchanga. Wakaja kuniita.

Afisa alikuwa kijana, sauti ya chini, Kiswahili safi kuliko cha ombasha wake. Akaniuliza, "Mwanamke huyu anafanya nini kwenye maji?"

Nikamtazama Mama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama upenyo wa banio. Nikisema anasalimia, ni kamba ya shingoni. Nikisema sijui, ni kamba. Nikasikia maji yakipita kwenye ukuta wangu, yale niliyotukaniwa miaka yote.

"Bwana, kosa ni langu," nikasema. "Mimi ni fundi mbovu. Ukuta wangu unavuja na sijui kuuziba. Huyu mama nimemweka ashuke kila asubuhi atazame yamevuja kiasi gani. Unga anautia ili aone maji yanaelekea wapi. Na akisema, anahesabu."

Afisa akamgeukia Bwana Miwani, akamwuliza kama ni kweli. Weee! Ilikuwa kama kufungua mfereji. Bwana Miwani alivua miwani, akaanza. Alisema tangu azaliwe hajaona mwashi mbaya kama mimi. Akataja udongo alionipa, mara alizoniamuru, pamba iliyonyauka, wageni waliomcheka. Akamshika afisa mkono akamsogeza ukingoni ajionee mwenyewe, na ukuta, Mungu aubariki, ulikuwa unavuja vizuri. Akaendelea kwa Kidachi, na nadhani huko ndiko alikosema yenyewe. Afisa alianza kutabasamu, halafu akacheka, na askari walipomwona anacheka wakacheka na wao. Maishani mwangu sijatukanwa nikafurahi ila siku ile.

Mama Nambela akafunguliwa. Lakini afisa hakuwa mjinga. Kabla hajaondoka alisema saruji italetwa kutoka Kilosa, ukuta utajengwa upya na huyo mama asionekane tena hapo, kwa kuwa kazi yake itakuwa imekwisha. Atapita tena mwenyewe kukagua. "Nikikuta unavuja," akaniambia, "nitajua mlinidanganya wote wawili."

Basi mwaona tulipokuwa. Ukuta ukivuja, Mama ananyongwa, na mimi pembeni yake. Usipovuja, kijito kinakufa, na ningu wa mvua za kwanza, ambao Mkula nzima tulikuwa tunawasubiri kwa matumbo matupu, watafika mdomoni mwa kijito na kugeuka. Siku tatu nilizunguka nikiongea peke yangu. Ya nne nikaenda kumwambia Mama kwamba sina njia.

Alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani. Akaniuliza kama saruji inashikana na udongo uliochomwa. Nikasema inaushika kuliko inavyoshika jiwe. Akauliza msingi wa ukuta utakwenda chini kiasi gani. Nikamwonyesha. Akainuka akaenda kuchimba udongo, mara ya kwanza tangu Lihame aondoke.

Alifinyanga mitungi minne isiyo na kitako, myembamba, mirefu kama mkono wa mtu, shingo ya mmoja ikiingia ndani ya mwenzake. Majirani walipita wakaona, wakanyamaza, na walipofika mbali wakasema msiba umemharibu akili, masikini, nani atanunua mtungi usio na kitako. Udongo hunywea motoni, kwa hiyo aliifinyanga mipana kuliko alivyotaka. Ilipotoka kwenye moto akaingiza mkono wake. Uliingia hadi kifundoni ukatosha sawasawa. Huo ndio ukawa upenyo.

Saruji ilifika kwenye mapipa, imebebwa na wapagazi waliokonda kuliko sisi. Bwana Miwani alisimama juu yangu tangu asubuhi na mwavuli wake. Lakini saa ya chakula alikwenda kula, na wapagazi walilala kivulini, na hapo nilikuwa na nafasi. Kwa adhuhuri mbili nililaza ile mitungi chini ya msingi, kuanzia upande wa ukuta maji yanakotoka hadi hatua tatu upande wa chini, katikati ya mawe makubwa. Mdomo wa juu niliufunika kwa jiwe bapa lililoinuka upande mmoja. Wa chini niliufukia kwa kokoto. Kisha nikajenga. Na hapa mnisamehe, nitasema ukweli: nilijenga kwa furaha. Nilitoa pima maji yangu kwenye sanduku. Nilijenga kama nilivyojenga kanisa.

Tulipoachia maji, Bwana Miwani alishuka akapapasa ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkavu. Akasema, "Kumbe unaweza." Halafu akageuka, na hatua tatu chini yake maji yalikuwa yanabubujika katikati ya mawe, safi, yanashika njia kwenda dimbwini.

Alisimama. Akayatazama yale maji. Akanitazama mimi. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akayatazama tena.

"Chemchemi," akasema.

"Ndiyo, Bwana. Chemchemi."

"Ni bahati ya shamba hili," akasema, akaondoka na mwavuli wake. Mpaka leo sijui kama alijua. Baadaye alikuwa anawapeleka wageni kuiona, na yule afisa alipopita kukagua alipapasa ukuta, akasifu, akayachota yale maji kwa kofia akanywa.

Mama Nambela hakukanyaga tena kwenye banio. Alizunguka kwa njia ya nyuma hadi dimbwini, akapitisha vidole chini ya jiwe la kaa, na jioni akanitumia neno moja: pamelowa. Kila jioni, kiangazi kizima, pamelowa.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mmoja mkubwa, na asubuhi Mkula wote waliokuwa na miguu ya kusimama walikuwa dimbwini. Mama aliingia hadi magotini na kitunga chake akasimama. Tulikaa vile mpaka jua likapanda. Halafu maji yakatingishika kwenye kokoto, na mgongo mweusi ukapita, na mwingine, na wakawa wengi hadi kijito kikabadilika rangi. Akamtoa wa kwanza kwa kitunga. Alikuwa mkubwa, ana mayai. Desturi ni kwamba wa kwanza haliwi. Watu walikuwa na njaa ya mwaka mzima, watoto wamejaa macho tu usoni, na wote walikuwa wanamtazama yule samaki.

"Huyu ni wa Lihame," Mama akasema, akainamisha kitunga, akamwachia.

Hakuna mtu aliyenung'unika. Kisha akatupa ishara, tukaingia majini wote. Mwaka ule Mkula haikuzika mtoto mwingine kwa njaa.

Aliishi miaka kadhaa baada ya pale. Alifia kwake, kitandani, kiangazi, Anastazia ameshika kichwa chake. Nilipoingia aliniuliza maji yakoje, nikamwambia yanafunika kifundo. Akasema cha nani. Nikasema chako, Mama. Akaridhika.

Sasa Mdachi naye ameondoka, wamekuja wengine, na shamba lina wenye kofia mpya. Nyinyi ndio mtakaobaki. Hivyo basi kitu ambacho sikuwakabidhi jana ni hiki. Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, shukeni dimbwini mkasalimie. Unga ni hiari yenu na padre wenu. Kisha inueni lile jiwe bapa la juu, mlale kifudifudi, mwingize mkono kwenye mtungi wa kwanza mtoe majani na mizizi. Remigi aingize yeye, mkono wake ni mwembamba. Upande wa kulia, ndani, atagusa vishimo vinne na kimoja cha gumba. Ni vidole vya Mama Nambela, hapo ndipo aliposhika udongo ukiwa mbichi. Hapo usiharakishe. Mimi miaka yote nilikuwa naviweka vidole vyangu mle, nakaa kidogo ndipo naendelea.

Na siku moja, nawaambia, atakuja mkubwa mwenye macho. Hatakubali habari ya chemchemi. Atachimbua, ataona, na atawauliza ni nani aliyejenga banio la saruji halafu akaacha tundu chini yake. Msibishane naye. Mwambieni alikuwa mzee mmoja, Kaspari, fundi mbovu sana. Kisha mfukie lile tundu kwa kokoto kama lilivyokuwa. Mimi nimeshazoea.